Nilicheka na Mama Akasikia

Jumapili ile niliamka kabla ya Mama, na hilo peke yake lilitosha kuonyesha jinsi nilivyompenda Lusweti. Mimi si mtu wa kuamka mapema. Lakini kufikia saa moja asubuhi nilikuwa nimefagia chumba mara mbili, nimetandika vitambaa vyeupe kwenye makochi, nimevitoa, kisha nimevitandika tena.

"Wacuka," Mama aliniita akiwa bado kitandani, "hao watu wanakuja kukuona wewe ama wanakuja kuona makochi?"

"Mama, yeye ni fundi wa makochi. Ataangalia vyote."

Mama alicheka. Nataka ikumbukwe kwamba siku hiyo aliianza kwa kicheko.

Tulikaa Ziwani, mimi na yeye, katika chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua. Upande wa huku palikuwa pa wageni. Upande wa pili palikuwa na kitanda, stovu, masufuria, na mambo ambayo wageni hawakutakiwa kuyajua. Mama aliuza maharage na ndengu katika soko la Gikomba, na kila mtu alimjua kwa upole wake. Baba hakuwepo. Aliondoka nikiwa na miaka saba, na nyumbani kwetu jina lake halikutajwa, wala sababu ya kuondoka kwake.

Lusweti nilikutana naye Mbotela, kwenye banda la mafundi karibu na Jogoo Road. Yeye alitengeneza makochi, mimi nilishona kava kwa fundi cherehani wa banda la pili, na kila Ijumaa nilimpelekea kava zilizokuwa tayari. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nene na macho ya kuchekacheka, na alikuwa na tabia ya kunitazama mimi wakati alipotakiwa kukagua mishono. Siku ya kwanza tuliyosemezana vizuri aliniuliza nyumbani kwetu ni wapi.

"Nyeri," nikamwambia.

"Ai! Nyeri? Basi kabla sijakupenda, acha kwanza niende nikamuage mama yangu."

"Kwani nani amekuomba unipende?"

"Si unaona? Ndio huo ukali wenyewe!"

"Na wewe ni wa wapi?"

"Kimilili."

"Mbukusu, Mluhya halisi! Basi leo nikifika Ziwani nitawaambia kuku wote wahame."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mbao, na mimi nikajua nimepatikana. Huo ndio uliokuwa mwanzo wetu, na kwa miaka miwili tuliendelea hivyo hivyo. Yeye akiniambia wanawake wa Nyeri wanawapiga waume zao, mimi namwambia Mluhya hukata kiu ya chai kwa kunywa chai nyingine. Siku moja nilimwuliza kama hachoki.

"Kuchoka na nini? Kwetu watu wakitaka kuoana hutaniana kwanza," aliniambia. "Ukiona Mbukusu anakunyamazia, anakuheshimu tu, jua hajakukubali."

Kwa hiyo nilicheka. Nilicheka kuliko yeye. Hasa ile mizaha ya wanawake wa Nyeri na waume zao ndiyo niliyoichekea kwa sauti ya juu zaidi, kwa maana nilikuwa nimejifunza tangu utotoni kwamba anayecheka wa kwanza haulizwi maswali. Huo ndio ujinga wangu, na nitaulipia mpaka siku ya kufa.

Jumapili ile, saa nane mchana, wageni wakabisha hodi. Mjomba Njogu, ndugu yake Mama, alikuwa amekuja kwa basi kutoka Nyeri ili nyumba iwe na mzee wa kuwapokea. Lusweti alikuwa na koti la kijivu ambalo mikono yake ilikuwa mifupi kidogo. Nyuma yake alikuja shangazi yake, Mama Asenath, ambaye yeye kwa lugha yao alimwita Senge, mwanamke mnene mwenye furaha, akiwa amekumbatia kuku wawili hai.

"Mnasema tunapenda kuku," alisema kabla hata hajakaa. "Tumeona tusiwape kazi ya kuwatafuta. Tumekuja nao!"

Mjomba Njogu alicheka mpaka akakohoa. Mama aliwapokea wale kuku, akafurahi. Lusweti hakumpa Mama mkono. Aliinamisha kichwa, akamsalimia akiwa anatazama sakafu, kwa maana kwao mama mkwe hashikwi mkono wala hatazamwi usoni. Mama alinipitia karibu akaninong'oneza, "Ana adabu huyu," kisha akaingia nyuma ya pazia kupakua chakula. Mioyo ingekuwa inaonekana, wangu wangeuona ukiruka juu ya meza.

Wazee wakaanza kupimana.

"Mama Asenath," alisema mjomba, "nasikia kwenu mtu akinywa chai chini ya vikombe vinne anapelekwa hospitali."

"Vinne? Vinne ni vya mgonjwa, Mzee! Na nyinyi, mbona chakula chenu mnakiponda hivyo? Viazi, mahindi, mboga, vyote mnaponda. Vimewakosea nini?"

Hapo hata Mama alicheka kule nyuma ya pazia. Nilimsikia vizuri. Lusweti naye alimsikia, na uso wake ukachanua. Aliona amekubaliwa. Alijisogeza mbele kwenye kochi, akamgeukia mjomba kama mwanamume kwa mwanamume mwenzake.

"Mzee, mimi nimekuja nimejitayarisha," alisema. "Nimeulizia mambo ya Nyeri kabla ya kutoka. Nimeambiwa mwanamume wa kule akichelewa kurudi nyumbani habishi hodi. Anafungua mlango kidogo, anatupa kofia yake ndani, halafu anangoja. Kofia ikirushwa nje, anaenda kulala kwa jirani. Sasa mimi kofia nimenunua tatu!"

Senge Asenath alipiga makofi kwa kicheko. Mjomba Njogu hakucheka. Tabasamu lilimkauka usoni, akatazama pazia, akatazama mikono yake. Lusweti aliona kuna kitu kimeharibika lakini hakujua ni nini. Akanigeukia mimi. Macho yake yaliniomba nimwokoe, kama nilivyomwokoa siku zote.

Na mimi nikacheka.

Nilicheka kile kicheko changu cha miaka miwili, kirefu, cha sauti. Kilinitoka kabla sijakumbuka niko wapi. Nyuma ya pazia, mwiko uliokuwa ukigonga sufuria ukanyamaza.

Mama alitoka na sahani. Aliwapa wageni chakula kwa mikono miwili, akawaombea baraka, akawaongezea mchuzi walipotaka. Hakukosea lolote. Ila hakunitazama. Chakula kilipokwisha, mjomba alisimama akasema, "Tumewasikia, na tumefurahi kuwaona. Nendeni salama, tutawatumia jibu." Hayo si maneno ya kumwambia mtu aliyekuja kuchumbia. Senge alimtazama mpwa wake, mpwa wake akanitazama mimi, na mimi nikatazama mlango.

Walipoondoka, mjomba naye alienda Mbotela kwa rafiki yake alikofikia. Mama alikaa kwenye kochi lile alilokuwa amekaa Lusweti.

"Ulicheka," aliniambia.

"Mama, haikuwa..."

"Ulicheka, Wacuka. Yule kijana sina neno naye. Hajui. Wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo, ndiyo. Nilikuwa na miaka saba, nimejificha chini ya meza. Baba alikuwa na mazoea ya kumpiga Mama, kwa mkanda, kwa kiatu, kwa chochote kilichokuwa karibu, na Mama alikuwa na mazoea ya kunyamaza ili majirani wasisikie. Siku hiyo alimaliza kumpiga Mama, akanivuta mimi kutoka chini ya meza. Mama bado alikuwa na mwiko wa kupondea mukimo, vile viazi na mahindi vyetu. Alimpiga Baba na ule mwiko mkubwa mara moja tu, kwenye mkono ulioshika mkanda, na mkono ukavunjika.

Mtaa mzima ulicheka. Baba alipitapita barabarani na bendeji, na ili asichekwe akawa yeye ndiye wa kwanza kuchekesha watu. "Si mnajua nimeoa Nyeri?" alisema kwenye kila baa. Baadaye akahama kabisa, akaenda kwa mwanamke mwingine. Mama akabaki na jina la mpiga mume. Watoto walimpigia kelele njiani, wanaume walijifanya wanajikinga akipita na kikapu chake. Ndiyo sababu tulihamia Ziwani.

"Hiyo ya kofia," Mama alisema, "mtu wa kwanza niliyemsikia akiisema alikuwa baba yako. Naona bado inatembea."

"Nisamehe, Mama."

"Mwambie yule kijana asirudi hapa. Siwezi kumpikia mtu huku nikingoja aniseme." Alipangusa kochi kwa kiganja. "Nilidhani ni wewe peke yako katika dunia hii usiyeweza kuchekea jambo hilo."

Nililia mbele yake bila aibu. Yeye hakulia. Alichukua kitambaa kimoja cheupe akaanza kukikunja, akakikunja mpaka kikawa kidogo kama bahasha.

Jumatano niliomba ruhusa mapema nikaenda kwa Lusweti. Nilikuwa nimeamua kumwambia kila kitu. Niliwaza hivi: akijua, ataomba msamaha, na Mama akiombwa msamaha na mtu anayejua ukweli, atakubali. Mama yangu hana roho mbaya. Njia ilikuwa fupi na wazi kabisa kichwani mwangu.

Nilimkuta anapigilia misumari kwenye fremu ya kochi. Aliponiona alitupa nyundo.

"Wacuka! Siku tatu! Nimekosea nini? Senge hanipi nafasi, ananiuliza kila dakika. Niambie nimekosea nini nikatubu."

"Kaa chini kwanza."

"Sikai mpaka uniambie."

"Lusweti, kaa."

Akakaa kwenye ile fremu. Nami nikamwambia. Nilimwambia juu ya meza, mkanda, mwiko, mkono, bendeji, na jina ambalo Mama alipewa. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote maneno yale, na nilipokuwa nikiyasema nilihisi kama mtu anayeshusha mzigo uliomwotea mgongoni. Alinisikiliza bila kunikata. Macho yake yalijaa machozi.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema nilipomaliza.

"Nini ni kweli?"

"Kwamba alimpiga."

"Alimpiga, ndiyo."

"Mkono ukavunjika kabisa?"

"Ukavunjika."

"Alimpiga mara ngapi?"

"Nani?"

"Mama yako. Alimpiga mara ngapi?"

"Mara moja, Lusweti. Nimekwambia mara moja."

"Na baba yako naye?"

"Sijui. Alipoanza, mimi sikuwa najua kuhesabu."

Aliufunika uso wake kwa mikono. Mabega yake yalitetemeka, na wale mafundi wengine wakajifanya hawatuoni, Mungu awabariki.

"Na mimi nimekaa pale nacheka," alisema. "Mbele yake! Miaka miwili nakuchekesha na jambo hilo hilo, na wewe unacheka! Mbona hukuniambia? Ningeacha siku ile ile."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa ungeniona tofauti."

"Mimi nikuone tofauti?" Alinishika mikono yote miwili. "Sikiliza. Jumapili nitarudi Ziwani na Senge. Nitapiga magoti kwenye ile sakafu mbele ya mama yako, na kama hataki kuniona nitapiga magoti nje. Wewe ndiye mke wangu. Sitaki mwingine."

Jamani, nilimpenda. Kama kuna wakati nilimpenda Lusweti kuliko wakati mwingine wowote, ulikuwa ule, akiwa na macho mekundu na koti lake la kazi lililojaa vumbi la mbao. Kipande cha sponji kilikuwa kimemganda karibu na jicho, kwenye yale machozi. Nikautoa mkono wangu katika mikono yake, nikauinua haraka nimtolee.

Kichwa chake kilikwepa. Kiwiko chake kikapanda juu, kikakinga uso.

Lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Kiwiko kilishuka mara ile ile, akajaribu kutabasamu. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuona, na yeye alijua nimeona. Mkono wangu ulibaki hewani, sijui niupeleke wapi.

"Una sponji hapo," nilimwambia.

"Aa. Nilidhani ni nyuki."

"Nyuki gani?"

Alikitoa kile kipande mwenyewe, akakitazama kwenye kidole.

"Wacuka, haikuwa wewe."

"Alikuwa nani?"

"Ni vile umeniambia sasa hivi. Imeniingia kichwani. Itatoka, nipe siku chache. Haki ya Mungu itatoka."

"Najua," nikasema, na nikajilazimisha kutabasamu. "Rudi kazini. Watu wanakutazama."

Nilitembea kutoka Mbotela mpaka Ziwani kwa miguu, na sikumbuki nilipita wapi. Nilikuwa nahesabu. Nilihesabu siku ambazo nitakasirika nikiwa na haki ya kukasirika, na yeye atatazama mikono yangu badala ya kunisikiliza. Nilihesabu mara ambazo nitanyamaza ili asiogope. Niliwaona watoto wetu wakimwona baba yao akikwepa. Nilijua asingenipiga kamwe, na nilijua asingeniacha. Angeishi nami kwa upole wote wa dunia, na kila nikiinua mkono kumgusa uso ningeangalia kwanza kama ameshtuka. Mama aliishi na mtu ambaye yeye alimwogopa. Mimi ningeishi na mtu anayeniogopa mimi, na ningemwogopa kwa sababu hiyo. Nililia njia nzima kama mtu aliyefiwa.

Jumapili walirudi. Sikuwa nimemwambia Mama asiwapokee, wala sikumwambia awapokee. Nilimwambia tu kwamba sasa Lusweti anajua, na kwamba anataka kuomba msamaha. Mama alifikiria siku mbili. Halafu akamwita mjomba Njogu.

Lusweti alifanya kama alivyoahidi. Alipiga magoti kwenye sakafu ile, kichwa chini, mbele ya Mama.

"Mama, nilisema neno la kipumbavu katika nyumba yako," alisema. "Sikujua, lakini kutojua si sababu. Naomba unisamehe. Na hata usiponipa Wacuka, naomba unisamehe."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakuingia nyuma ya pazia. Alikaa pale pale mbele ya wageni, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kumwambia mteja bei ya ndengu:

"Inuka, mwanangu. Nimekusamehe. Na kwa kuwa mnataka kuwa watu wetu, ni afadhali msikie kutoka kwangu. Nilimpiga baba yake Wacuka. Ndiyo. Alikuwa anataka kumpiga mtoto, nikampiga mara moja, nikamvunja mkono. Miaka kumi na sita sijawahi kulisema. Sasa nimelisema."

Senge Asenath aliinuka kwenye kochi, mnene alivyo, akamwendea Mama akamkumbatia.

"Mara moja tu?" alisema. "Wewe una subira, Mama Wacuka! Mimi ningemvunja na ule mkono mwingine pia!"

Na Mama akacheka. Mama yangu alicheka juu ya jambo hilo, huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye kidevu, akamshikilia Senge Asenath kama dada aliyepotea na kupatikana. Mjomba Njogu alitoa leso akapenga makamasi. Chumba kizima kilijaa furaha. Ni mimi na Lusweti tu ambao hatukucheka. Yeye alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa yananiuliza.

"Basi," alisema mjomba, "tusichelewe." Alifungua soda waliyoileta wageni, akaimimina kwenye glasi moja, akaishika. "Wageni wetu, kwetu hatunywi kinywaji cha watu mpaka msichana atuambie. Akisema tunywe, ameolewa. Wacuka, njoo hapa mbele."

Nikasimama.

"Wacuka, mwana wa dada yangu, hawa watu unawajua?"

"Nawajua, mjomba."

"Kinywaji chao hiki, tunywe?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa bado ameshikana mikono na Senge Asenath, na uso wake ulikuwa mwepesi, uso ambao sikuwa nimeuona tangu nikiwa mdogo. Nikamtazama Lusweti. Alikuwa amesimama karibu na mlango na koti lake la kijivu, na nilitamani kumkimbilia. Nilitamani nisiwe nimeona nilichoona.

"Msinywe," nikasema.

Mjomba aliishusha glasi. "Umesemaje?"

"Nimesema msinywe."

"Wacuka!" Mama alisimama.

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza Senge Asenath. Sauti yake haikuwa na hasira. "Kijana wetu amekukosea?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ningesema ukweli: kwamba tangu alipojua habari za Mama, ananikinga uso. Ningeyasema hayo mbele ya Mama, dakika tano baada ya yeye kulisema jambo lake kwa mara ya kwanza maishani na kukumbatiwa. Angejua ni mwiko wake ulioniharibia ndoa. Angerudi nyuma ya pazia, na hakuna mtu angemtoa huko tena.

Nikatafuta uongo, na ulionijia haraka ulikuwa ule ule ambao kila mtu katika mji huu anautembeza mfukoni.

"Wanasema wanaume wa kwao hawatosheki na mke mmoja," nikasema. "Wanasema huoa wawili, watatu. Mimi siwezi kuolewa na Mluhya. Nimefikiria, nimeona siwezi."

Senge Asenath aliinua kikapu chake polepole.

"Wanasema," alirudia. "Wanasema. Haya, mama. Tumesikia."

"Senge, ngoja kidogo," alisema Lusweti. Alinisogelea, hatua mbili tu. Yeye peke yake katika chumba kile alijua ninadanganya, na alijua ninamficha nani. "Wacuka, si hilo," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nilikuomba unipe siku chache."

"Ni hilo," nikamjibu. "Hakuna lingine."

Alitupa jicho upande wa Mama, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kwamba akibisha atalazimika kulisema. Midomo yake ilifunguka. Nilimwomba kwa macho. Akaifunga.

"Ni hilo, basi," alisema. Akamwinamia Mama bila kumtazama usoni, akafungua mlango, akamshika shangazi yake mkono wakatoka. Hatua zake nilizisikia mpaka kwenye kona ya nyumba za mwisho, kisha sikuzisikia tena.

Mjomba Njogu aliiweka glasi mezani, akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Mama alibaki amesimama katikati ya chumba.

"Ni kweli hilo ndilo lililokukatisha tamaa?" aliniuliza. "Maneno hayo? Ya watu?"

"Ndilo, Mama."

"Kijana amepiga magoti hapa. Shangazi yake amenikumbatia mimi. Na wewe unamkataa kwa sababu ya utani wa barabarani."

Nilitazama ile glasi mezani.

"Wangesema watoto wengine wa Ziwani, ningeelewa," Mama alisema. "Wewe! Wewe uliyeona walivyonifanyia kwa maneno kama hayo. Nilidhani nimekulea vizuri kuliko hivyo, Wacuka."

"Nisamehe, Mama," nikamwambia, nikaanza kukusanya glasi.